Mifuko Ishirini ya Uzi Mwekundu

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya kazi naye, mliosimama sogeeni kivulini, maana historia hii ni ndefu kidogo kuliko ilivyozoeleka. Imeandikwa na mume wa marehemu, na inasomwa na mdogo wake marehemu, ambaye alipokabidhiwa karatasi hizi jana asubuhi alizisoma zote akiwa amesimama mlangoni, kisha akauliza, "Shemeji, haya ni ya kusomwa mbele ya watu?" akajibiwa kwamba ndiyo, tena pasipo kuruka mstari hata mmoja, na kwamba aliyeyaandika atakaa mbele, mahali anapoonekana.

Marehemu, ambaye wengi wenu mmemjua kwa jina la Fundi tu, alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1959, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, aliyekuwa seremala, mama yake akiwa mfuaji wa mashuka katika hospitali ya serikali, naye akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, wasichana watatu na kitinda mimba mvulana, ndiye huyu anayewasomea. Alijifunza kuhesabu kwa rula ya baba yake, na akiwa na miaka sita alimwambia mteja aliyekuja kuchukua kabati kwamba mlango wa kushoto umezidi kidole kimoja, baba yake akamkaripia mbele ya mteja, mteja akaondoka, baba akaupima mlango mwingine uliobaki karakanani, uliokatwa kwa kipimo kilekile, akaukuta umezidi kidole kimoja, akaingia ndani akamwomba mtoto radhi. Habari hiyo marehemu aliisimulia mara nyingi katika maisha yake ya ndoa, na mume wake aliicheka kila mara, wala hakuwahi kujiuliza kwa nini inarudiwa.

Alianza darasa la kwanza Januari 1966, akamaliza la saba mwaka 1972, akaingia sekondari na kusoma hadi kidato cha pili, ambapo tarehe 8 Novemba 1974 baba yake alipoteza vidole vitatu kwenye msumeno wa umeme, naye akaacha shule ili asaidie nyumbani. Mwaka uliofuata alijiunga na chuo cha ufundi, akajifunza kukata na kushona, akatunukiwa cheti cha daraja la kwanza tarehe 12 Desemba 1976, akafanya kazi miaka minne katika duka la suti na sare, na tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa kuwa fundi cherehani katika kituo cha utafiti wa misitu, akapewa chumba cha mwisho cha korido ya chini, chenye dirisha moja, meza ya kukatia, na cherehani mbili, moja ya umeme na moja ya kukanyaga. Humo alishona vivuli vya vitalu, mahema ya safari za msituni, magunia ya sampuli na makoti ya maabara, na wale mliofanya naye kazi mnakumbuka kwamba hakuna aliyeingia chumba kile na kifungo kimoja pungufu akatoka hivyo.

Mume wake alifika kituoni Juni 1983, akiwa ametoka chuo kikuu na shahada ya sayansi ya misitu, na siku ya tatu aliingia chumba kile akiwa na koti jeupe lililotoboka mfuko wa kulia. Marehemu aliligeuza, akauliza lina umri gani, akaambiwa mwezi mmoja, akasema, "Basi si koti lenye matata," akalitia kiraka cha turubai ya hema, akamrudishia na kumwambia, "Sasa weka hata nyundo." Wiki mbili baadaye koti lilirudi na tundu jingine, mwezi uliofuata likarudi tena, na mara hiyo Fundi alilinyanyua dirishani, akaangalia kingo za lile tundu, akasema bila kucheka, "Hili limekatwa kwa wembe. Panya wa maabara siku hizi wana nyembe?" Hivyo ndivyo uchumba ulivyoanza, kwa tundu ambalo marehemu alilisoma asili yake kwa kuliangalia mara moja tu, jambo ambalo wasikilizaji mnaombwa mliweke akilini.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Agosti 1984, wakaishi katika nyumba namba sita ya wafanyakazi wa kituo, nyumba ya matofali yenye veranda finyu, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto watatu, binti tarehe 3 Julai 1985, mvulana tarehe 21 Januari 1988, na binti wa mwisho tarehe 10 Septemba 1992, wote wako hapa, na wote watatu wanayasikia kwa mara ya kwanza baadhi ya yanayofuata, kwa kuwa baba yao hakuwa na ujasiri wa kuwaambia sebuleni.

Kazi ya mume wake ilikuwa kutafuta kujua kinachopita chini ya ardhi kati ya mti mkubwa na mche. Uyoga tunaouona juu ya majani makavu ni sehemu ndogo tu ya kiumbe chenyewe, sehemu kubwa ni nyuzi nyembamba kuliko unywele zinazotambaa udongoni, hushikana na ncha za mizizi, huuletea mti maji na madini kutoka mahali ambapo mizizi haifiki, nao mti huzilisha sukari unayoitengeneza majanini, na kwa kuwa nyuzi zilezile huweza kushika mizizi ya miti mingi kwa wakati mmoja, mche unaochipua kwenye kivuli, usiopata jua la kutosha, huingia katika ushirika uliokwisha kuanzishwa na wakubwa wake. Msaada huo ni mkubwa kiasi gani, wataalamu wanabishana hadi leo. Marehemu alipoelezwa habari hizi jikoni, akiwa anachambua mchele, alisema, "Kwa hiyo msitu umeshonwa kwa chini." Mume wake aliitumia sentensi hiyo katika mihadhara kwa miaka mingi, na hakuna mhadhara hata mmoja ambamo alisema aliipata wapi.

Mwaka 1989 kituo kilitakiwa kutoa ushauri juu ya kilima mnachokiona kutoka hapa, ambacho wakati ule kilifunikwa na miti mikubwa ya umri wa zaidi ya miaka mia, iwapo miti ile ivunwe yote kwa mara moja na kupandwa upya, au ivunwe kidogokidogo huku mikubwa kadhaa ikiachwa ilee miche. Mume wa marehemu akaandaa jaribio. Miche mia tatu na ishirini ingepandwa chini ya miti mikubwa, kila mmoja ndani ya mfuko wa kitambaa uliozikwa ardhini, nusu ikiwa mifuko myeupe, ya kitambaa chenye matundu madogo yanayozuia mizizi lakini yanapitisha nyuzi za uyoga, na nusu ikiwa mifuko ya buluu, ya kitambaa chenye matundu madogo zaidi, yanayopitisha maji peke yake. Miche ya mifuko ya buluu ikidumaa, maana yake nyuzi zina kazi, na miti mikubwa isikatwe yote. Isipodumaa, miche haiwahitaji wakubwa, na shoka lipite.

Vitambaa vya mifuko vilipelekwa kwa Fundi tarehe 16 Januari 1989. Siku nne baadaye alimwita mume wake chumbani kwake, mbele ya msimamizi wa vitalu, ambaye wote mnamwita Mzee wa Kitalu ingawa wakati ule hakuwa mzee, akanyanyua mfuko mmoja wa buluu dirishani kama alivyonyanyua lile koti, akasema, "Baba watoto, hebu tazama mshono." Mwanga ulikuwa ukipenya kwa nukta nukta, mstari mzima. "Kitambaa chako hakipitishi kitu, nakubali, lakini sindano yangu nyembamba kuliko zote inatoboa tundu kubwa mara mia kuliko matundu ya kitambaa. Hao uyoga wako wakifika hapa watapita kama wanaingia sokoni." Mume wake akauliza dawa yake ni nini, akajibiwa kwamba kitambaa ni nailoni, kisishonwe, kingo zake ziyeyushwe kwa kisu cha moto zishikane, kazi ya dakika ishirini na tano kwa kila mfuko. Mia na sitini mara dakika ishirini na tano, na mvua zilikuwa zimebakiza majuma matano yaliyokwisha kujaa kazi nyingine za kituo, na mfuko mmoja mweupe ulikuwa ukimchukua dakika sita. Mume wake akasema, "Mama, mvua hazingoji fundi. Shona tu." Mzee wa Kitalu akasema, "Bwana, lakini anachosema si kinaonekana?" akaambiwa arudi kwenye miche yake.

Akashona, kwa kuwa ilikuwa amri. Ila saa za mapumziko ya mchana, wenzake walipokwenda kula, aliwasha jiko la mafuta ya taa nyuma ya chumba chake, akapasha kisu, akaziba mifuko ya buluu miwili au mitatu kwa siku, hadi ikafika ishirini, na kila mmoja akaufunga uzi mwekundu mdomoni. Siku ya kuikabidhi alimwambia mume wake, mbele ya Mzee yuleyule, "Mia na arobaini nimeshona unavyotaka. Ishirini nimeziba ninavyotaka mimi. Uzi mwekundu huo, usije ukasema hukuambiwa." Ilikuwa tarehe 24 Februari 1989. Mume wake aliandika tarehe hiyo katika daftari la kazi, kwa kuwa huandika kila tarehe, na daftari hilo analo.

Miche ilipandwa, ikakaa ardhini miezi thelathini na miwili, na Novemba 1991 ikafukuliwa ili kupimwa. Mifuko myeupe, miche ilikuwa na afya. Mifuko ya buluu mia na arobaini, miche ilikuwa na afya ileile. Mifuko ishirini yenye uzi mwekundu, miche ilikuwa imedumaa, majani yamepauka, mrefu kuliko yote haukufika magotini. Mtu yeyote mwenye macho angeelewa, na mume wa marehemu alikuwa na macho na shahada mbili, lakini muhtasari wa matokeo alikuwa ameshautuma kwenye mkutano wa wataalamu miezi miwili kabla, akikisia kutokana na urefu wa miche iliyoonekana juu ya ardhi, na jina lake lilikuwa limeshachapwa kwenye ratiba. Akaandika kando ya ile ishirini maneno haya: dhaifu tangu kitaluni, iondolewe kwenye hesabu. Jioni ile mezani marehemu aliuliza, "Na yangu ya uzi mwekundu?" Akajibiwa kwamba ile miche ilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Akasema, "Miche yote uliichagua wewe mwenyewe, ukampigia kelele Mzee kwamba unataka inayolingana." Mume wake akaomba aongezewe chai.

Miche ile ishirini ilitupwa nyuma ya banda la vitalu. Marehemu aliikusanya kesho yake, akachana mifuko kwa mkasi, kila mche akaufunga uzi wake mwekundu kwenye tawi, na yeye na Mzee wa Kitalu wakaipanda kwenye ukingo wa juu wa kilima, chini ya miti mikubwa mitatu iliyosimama kwenye mawe, mahali ambapo msumeno wa kituo usingefika kwa urahisi.

Ripoti ilitoka Aprili 1992, ikasema miche haihitaji msaada wowote wa chini ya ardhi kutoka kwa miti mikubwa. Kilima kilivunwa chote mwaka 1993, ikabaki ile mitatu ya mawe, kikapandwa upya mwaka 1994, na kufikia 1996 miche minane kati ya kumi ilikuwa imekufa, mvua zikauchukua udongo hadi kwenye mitaro ya mji huu, na baadhi yenu mlikoroga tope hilo kwenye sakafu za nyumba zenu kwa misimu miwili.

Tarehe 30 Mei 1997 tume ya watu watatu ya kuchunguza kufa kwa kilima ilikaa katika chumba cha mikutano cha kituo. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, mama mwenye miwani, naye aliutoa kwenye kasha la kumbukumbu mfuko mmoja wa buluu, akaunyanyua dirishani, akauliza, "Mshono huu unavuja. Kuna aliyejua?" Mume wa marehemu alikuwa na majibu mawili ya kweli, lile onyo na ile mifuko ishirini, aliyoyajua kwa tarehe na kwa shahidi. Akatoa jibu la tatu. Akasema kosa ni la ushonaji, na kwamba fundi hakuwahi kuwaambia watafiti kwamba sindano inatoboa zaidi ya kitambaa. Alitumia maneno ya mke wake mwenyewe, akaacha tarehe.

Fundi alikuwa amekaa kwenye benchi la korido akingoja kuitwa, na mlango haukuwa umefungwa. Alipoitwa akaulizwa kama ana la kusema, alimtazama mume wake, si kwa hasira, alimtazama kama anavyotazama kitambaa anachotaka kujua kitakatika wapi, kisha akasema tu, "Matundu ni ya sindano yangu." Barua ilitoka siku ileile. Ilisema fundi ameacha kazi kwa hiari yake, kwa sababu za kifamilia, na maneno hayo ya hisani yalipendekezwa na mume wake, ambaye aliona amemfanyia wema.

Nyumbani, mume wake alipotaka kueleza, alimkatiza. "Kazi moja ilikuwa lazima ife, na nyumba ni ya kituo, na ya kwako ndiyo iliyobeba nyumba. Hesabu hiyo naijua. Lakini ukipata nafasi, waambie. Sio leo. Ukipata nafasi." Mume wake akasema wiki ijayo.

Watoto, mtakumbuka mwaka ule binti mkubwa alirudi kutoka shule akilia, kwamba wenzake wamemwambia mama yake ameua kilima kwa sindano. Marehemu alimpangusa uso, akamwambia, "Waambie hakijafa, na ndugu zake wa juu kwenye mawe wanamngoja mtu wa kuwaunganisha." Baba yenu alikuwa chumba cha pili, na mlango uko wazi, na gazeti mkononi. Hakutoka. Hakugeuza hata ukurasa.

Kuanzia Machi 1998 hadi Desemba 2006, marehemu alishona sare za shule nyumbani siku tano za juma, na Jumamosi alipanda kilimani na Mzee wa Kitalu wakiwa na ndoo mbili, wakachota udongo chini ya miti mitatu ya mawe, wakashuka nao, na kila shimo la mche wakalitia viganja viwili vya udongo ule wenye nyuzi zake, safu moja kwa msimu, kutoka juu kushuka chini, kwa sababu, kama alivyosema, kiraka kinashonwa kuanzia palipo na kitambaa kizima. Wapita njia walimuuliza anapeleka wapi uchafu kwenye ndoo, akawajibu kwamba anapeleka chachu. Mche ulioshika ulilea wa jirani yake, safu zikashuka, mitaro ya mji ikaanza kupitisha maji badala ya tope, na kijani mnachokiona leo kutoka kwenye madirisha yenu ni kazi ya miaka tisa ya watu wawili.

Tarehe 26 Juni 2015 mume wa marehemu alistaafu, akapewa kibao cha shaba kilichoandikwa kwamba ni cha kutambua mchango wake katika kukirejesha kilima. Alikipokea. Alishukuru. Mke wake alikuwa safu ya tatu, akapiga makofi pamoja na watu, na njiani kurudi alisema jambo moja tu, "Suti imekukaa vizuri," naye ndiye aliyeishona. Kibao hicho kimerudishwa kituoni juzi, pamoja na barua.

Mwezi wa Juni 2022 marehemu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi akipanda ngazi, akapimwa katika hospitali ya wilaya, madaktari wakaona moyo umedhoofu, akatibiwa, akapata nafuu, akaendelea kushona akiwa ameketi kitini kwa mto, hadi tarehe 19 Septemba 2024 alipolazwa wodi namba nne. Huko aliwatengenezea wauguzi watatu mifuko ya sare zao, akamwambia mmoja wao kwamba aliyeishona ile sare alikuwa na haraka ya kwenda harusini.

Tarehe 2 Oktoba, mume wake akiwa ameketi kando ya kitanda, alimwambia, "Historia yangu utaandika wewe, sivyo?" Akaambiwa asizungumze mambo hayo. "Nazungumza mambo ya kazi. Usiandike kwamba niliacha kwa hiari." Mume wake akauliza aandike nini. "Andika tarehe. Wewe hodari wa tarehe." Kisha akacheka hadi akakohoa, akaomba maji, akasema, "Na ukaihesabu ile ishirini. Hujawahi kwenda."

Ni kweli hakuwahi kwenda. Alikuwa amehesabu kila mti wa kilima kile kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa kamba na kwa daftari, isipokuwa ile. Siku saba zilizofuata aliandika barua ya kukiri mara tatu, kwa tume, kwa kituo na kwa jarida lililochapisha ripoti yake, na mara tatu aliiweka ndani ya mfuko wa koti akisema atamsomea kwanza mke wake akipata nguvu, na hilo nalo lilikuwa njia ya kuchelewa. Marehemu alifariki Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano na miezi sita, barua ikiwa mfukoni mwa mume wake, umbali wa hatua moja kutoka kitandani. Ilipelekwa posta asubuhi iliyofuata, ikiwa imechelewa kwa siku moja na kwa miaka ishirini na saba.

Kutoka posta alipanda kilimani. Mzee wa Kitalu, ambaye tangu ile tume alikuwa akimsalimia kwa kugusa kofia tu, alikuwa mbele yake njiani, na hakuuliza wanakwenda wapi. Chini ya miti mitatu ya mawe walikuta mingine kumi na tisa, imenyooka, gome limekomaa, vigogo vyake mtu mmoja hawezi kuvikumbatia. Kwenye tawi la chini la mmoja kulikuwa na kipande cha uzi, kimepauka karibu kuwa cheupe, mti umekua ukakimeza nusu. Mume wa marehemu alihesabu mara mbili, akasema, "Kumi na tisa." Mzee akasema, "Wa ishirini ulikufa mwaka wa pili. Fundi aliuandika," akatoa mfukoni daftari dogo la vipimo vya sare alilokabidhiwa naye, na ndani yake, baina ya mabega na viuno vya watoto wa shule, kulikuwa na urefu wa kila mti, kila mwaka, kwa tarehe. Iliyodumaa ikiwa peke yake ilikua ilipounganishwa. Ndilo jibu la jaribio la mwaka 1989, na aliyelipata ni yeye.

Kwa hiyo isemwe mbele ya wote, na kwa tarehe. Fundi alionya juu ya mshono tarehe 20 Januari 1989. Alikabidhi mifuko sahihi tarehe 24 Februari 1989. Mume wake aliyaondoa matokeo yake kwenye hesabu tarehe 27 Novemba 1991, akijua. Alimsingizia tarehe 30 Mei 1997, akijua. Fundi hakuacha kazi kwa hiari. Aliachishwa kwa kosa la mtu aliyelala naye kitanda kimoja, akaendelea kumshonea mashati.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, waliomwachia sindano yake hadi siku ya mwisho ingawa kanuni hazikuruhusu. Inawashukuru majirani wa nyumba za kituo na wa mtaa huu, mliomletea sare za watoto wenu wakati wengine wakinong'ona. Inawashukuru wafanyakazi wenzake, waliopo na waliotangulia, na inamshukuru mwalimu wa chuo kikuu aliyeuliza swali lililokuwa sahihi na akajibiwa uongo, ambaye amesafiri na yuko hapa, na ambaye anaombwa radhi leo. Inamshukuru kipekee Mzee wa Kitalu, aliyebeba ndoo ya pili. Watoto, mama yenu hakuua kilima. Inueni macho mkitazame.

Kumbukumbu zake zimewekwa mezani pale mlangoni, madaftari yote mawili, la mume wake na la kwake, anayetaka asome.

Pumzika kwa amani, Fundi. Miche yako imehesabiwa, yote ishirini.